Simu Moja, Mikoba Minne

Foleni ya kulipia stima, mwisho wa mwezi, saa sita na joto lake,
simu ikalia. Ule wimbo wao, pale sauti nene inapoingia.
Wanawake wanne tukatia mikono mikobani kwa pamoja.
Iliyolia ilikuwa ya Zehra.
Sisi watatu tukabaki na mikono ndani, kama wezi wa vitu vyetu wenyewe.

Mlinzi akacheka. Nikamuuliza wa mbele yangu: "Hata wewe?"
"Hata mimi. Na usimwambie mtu,
mimi ni naibu mwalimu mkuu."

Huyo ndiye Wakio, wa Tudor.
Zehra auza misumari na bawaba dukani kwa babake.
Kache alipiga pasi miaka tisa katika nyumba ya Mtaliano, Malindi,
akatoka huko na maumivu ya kiuno
na lugha nzima ambayo hakuna aliyemlipa kwayo.
Na mimi, Mwanamkuu wa Kibokoni, mshona mabuibui,
niliyedhani masikio yangu niliyafungia
sandukuni, pamoja na kanzu za marehemu.

Vijana wenyewe ni wanne, ndevu zao bado zasitasita.
Wajiita Sottovoce. Maana yake, asema Kache, sauti ya chini-chini.
Uongo mtupu! Wakiimba, vikombe vyatetemeka kabatini.
Tungeweza kuwazaa.
Hilo tulilisema siku ya kwanza, tukalimaliza.

Jumamosi baada ya alasiri, chumba cha juu kwa Zehra,
viazi karai, ukwaju, spika iliyopasuka kidogo,
twaimba tusichokijua.
Kuna mahali yule mdogo wao avuta pumzi, kisha:
torno a casa, torno a casa,
nami mwaka mzima nilikuwa nikimwona kasa.
Kasa hasa, na gamba lake, ajikokota mchangani usiku
kuja kutaga pale pale alipoanguliwa.
Nilimlilia kasa yule, wallahi.
Kache aliniacha nimalize, ndipo akasema:
"Casa ni nyumba, dadangu. Kijana asema anarudi nyumbani."
Wakio akaweka kikombe chini.
"Basi tofauti iko wapi?"

Mwezi wa Machi Zehra alilazwa.
Walimtoa uvimbe, ukubwa wa limau.
Mlangoni pa wodi jamaa zake wakatupima kwa macho,
mwalimu, fundi, mpiga pasi:
nyinyi ni nani kwake?

Na kweli, ni nani? Si ukoo, si mtaa,
si chama cha kuweka na kukopa.
Wawili twaenda misikiti miwili, mmoja kanisani,
mmoja hajasema, nasi hatujamuuliza.
Wakio akajibu, kwa sauti ile inyamazishayo darasa:
"Sisi ni wa foleni ya stima."
Tukapishwa.

Midomo ya Zehra ilikuwa mikavu. "Asanteni," akasema. "Sana."
Kache akamwinamia sikioni:
"Kwa Kitaliano, sana ni mwanamke mzima, asiyeumwa na kitu."
Zehra akafumba macho, akalirudia neno polepole,
kama mpishi aonjaye chumvi.
Sana.
Sana.

Vijana sasa wamegombana, twasikia.
Wawili wameshika njia zao, mmoja amefuga ndevu.
Nyimbo mpya haziji, na zikija, haya, zije.
Sisi Jumamosi twapanda ngazi zile thelathini na moja,
Zehra nyuma, kiganja ukutani,
apumzika kila kona, wala hatumwambii aharakishe.
Wakio ajifanya kutafuta kitu mkobani.
Kache asifu rangi ya ukuta, ambayo haina cha kusifiwa.
Nami nasikiliza pumzi yake, hatua kwa hatua,
na katikati ya pumzi, chini-chini kwelikweli,
chini kuliko walivyowahi kuimba wale wavulana,
anong'ona:
kasa, kasa.